Amana za Wasafiri: Fedha za Jinja na Mbale

Mji wa Jinja umeandikwa sana kwa ajili ya maji yake. Kila mwanafunzi wa Uganda hufundishwa kwamba Julai 28, 1862 Speke alisimama mbele ya maporomoko ambayo Wasoga walikuwa wakiyajua kwa vizazi visivyo na hesabu, akayaita kwa jina la bwana mmoja wa Kiingereza, Ripon. Hufundishwa pia kwamba maporomoko hayo yalimezwa na bwawa la Owen, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili Aprili 29, 1954. Lakini tarihi ya mji si tarihi ya maji yake peke yake, wala ya mitambo iliyoendeshwa kwa maji hayo. Katika Jinja, na katika Mbale ulio chini ya mlima Masaba, zilipita kwa muda unaozidi miaka mia fedha za watu waliotoka mbali kuja kuchuma, na baadaye fedha za watu waliotoka hapa kwenda mbali kuchuma. Nazo aghalabu zilipita bila ya kuingia benki, zikichukuliwa mikononi, katika vifundo vya nguo, ndani ya bahasha na juu ya ahadi ya mdomo. Habari hiyo ndiyo nitakayo kuieleza, kwa kuwa walioandika uchumi wa Uganda wameiweka pembezoni kana kwamba ni makombo ya uchumi wenyewe, ilhali mimi naamini kwamba ndiyo iliyowashika watu wa mashariki ya Uganda siku ambazo kila kilichoitwa rasmi kilikuwa kimeanguka.

Kabla ya reli, njia ya kwenda Busoga ilikuwa ya miguu, na wapagazi walioipita walikuwa wengi wao watu wa mwambao, wa Mombasa, Rabai na Unguja, waliobeba nguo, shanga na nyaya za shaba wakati wa kwenda, na pembe wakati wa kurudi. Hatari zake zilijulikana: mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga pamoja na wengi wa wapagazi wake, na wajane wakabaki pwani. Mpagazi hakuwa na njia ya kupeleka kitu nyumbani akiwa safarini. Kwa hiyo ilikuwa desturi ya misafara kwamba sehemu ya ujira hulipwa mkononi kabla ya kuondoka, naye mpagazi akaigawa kwa mke, kwa mama, na mara nyingi kwa mwenye kumdai, ndipo akajitwika mzigo. Riziki ya nyumbani ilitangulia jasho. Leo baadhi ya mawakala wanaowapeleka vijana wetu Arabuni huwatoza fedha kabla hawajapanda ndege, wakauza shamba au wakakopa ili walipe; na mwenye kupima mambo kwa haki ataona kwamba mpagazi wa mwaka 1885, pamoja na dhiki zake zote, aliondoka kwao akiwa ameacha kitu, na si akiwa ameondoa kitu.

Mbale ulizaliwa katika njia hizo za wafanya biashara. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitiisha nchi ya mashariki kwa manufaa ya Waingereza na kisha akanyang'anywa matunda ya kazi yake na Waingereza haohao, alihamia pale miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na pembeni ya makazi yake wakakusanyika Waswahili, Waarabu na Wahindi waliouza nguo na chumvi na kununua pembe zilizoshuka kutoka Karamoja. Wakati huohuo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Jinja, hata bidhaa iliyokuwa ikichukua miezi mabegani mwa watu ikawa inachukua siku.

Mtu aliyeielewa mapema maana ya badiliko hilo alikuwa Alidina Visram, Mhindi wa Kachchh aliyeanzia Bagamoyo akiwa kijana, akaifuata misafara duka kwa duka mpaka Uganda, na ambaye hata alipofariki mwaka 1916 alikuwa na maduka katika karibu kila kituo cha maana toka pwani hata Nile, Jinja ukiwa mmojawapo. Maduka yake, na ya wenzake waliomfuata, yalifanya kazi za benki mahali ambapo benki zilikuwa hazijafika. Mwenye duka dogo la Jinja aliyetaka kulipa deni lake Mombasa au Bombay hakufunga rupia katika gunia akazitia njiani; alimkabidhi wakala wa tajiri mkubwa, akapewa hundi, na hundi ile ikalipwa upande wa pili na mtu wa nyumba ileile ya biashara, ambaye aghalabu alikuwa ndugu, au mkwe, au mtu wa jamatini mwao. Rupia zenyewe hazikusafiri. Kilichosafiri ni pamba na ngozi kushuka, na vitambaa vya marekani na chumvi kupanda, na mwisho wa msimu hesabu za pande mbili zikalinganishwa katika madaftari. Sheria iliyosimamisha mambo hayo haikuwa ya mahakama: aliyekataa kulipa hundi alipoteza jina, na aliyepoteza jina hakupata mume wa binti yake wala mkopo wa gunia moja la sukari.

Mkulima wa Busoga naye aliingia katika hesabu hizo kwa mlango wa pamba, iliyoletwa Uganda mwaka 1903, na kwa mlango wa kodi ya nyumba, iliyotakwa kwa rupia. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, na haja za mtu huja kila siku. Kwa hiyo mwenye duka wa njia panda alikuwa mkopeshaji wa miezi ya njaa na mweka amana wa miezi ya shibe. Wako waliodhulumiwa kwa mizani na kwa kalamu, na sitaki kupamba jambo hilo. Lakini dola nayo haikuwa mwalimu mwema wa uaminifu katika mambo ya fedha, maana katika muda usiozidi miaka miwili au mitatu, kuanzia 1920, watu wa Afrika Mashariki waliondolewa rupia, wakapewa florini, na kabla hawajaizoea wakapewa shilingi, mbili kwa rupia moja. Na mzee aliyekuwa amezika rupia zake chini ya mchago wa kitanda alitakiwa aamini kwamba wenye ofisi wanajua wanalofanya.

Hayo yalikuwa maandalizi tu. Msukumo mkubwa ulikuja na viwanda. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 kati ya Jinja na Namasagali, iliungwa na njia kuu iliyoingia kwa Tororo miaka ya 1920; tawi la kwenda Soroti likapita Mbale mwaka 1929, na daraja la Nile pale Jinja likavukisha gari moshi mpaka Kampala mwaka 1931. Kiwanda cha tumbako kilifunguliwa Jinja mwaka 1928, na mwaka 1930 Muljibhai Madhvani akaanza kusaga miwa Kakira, maili chache toka mjini. Baada ya vita vya pili ukaja ujenzi wa bwawa, toka 1949 hata 1954, na nyuma yake kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho watu wote walikiita Nytil, na tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe, na kiwanda cha bia ng'ambo ya pili ya mto. Wasoga wenyewe, wenye mashamba ya pamba na ndizi, hawakuwa na haraka ya kuingia zamu za usiku. Basi walioingia kwa wingi walikuwa wageni: Wajaluo na Wasamia kutoka Nyanza ya Kenya, Walugbara na Waaluri kutoka West Nile, Wagisu na Waiteso kutoka upande wa Mbale, na Wanyarwanda na Warundi katika miwa ya Kakira. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, ijapokuwa Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kuipa lugha hiyo nafasi kubwa katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa na wakuu wa makanisa waliipinga kwa nguvu. Kiwandani hakuna aliyengoja waafikiane.

Kwa wafanyakazi hao serikali ilijenga mtaa wa Walukuba, toka mwisho wa miaka ya 1940, na nyumba nyingi za mtaa huo zilikuwa vyumba vya mtu mmoja. Chumba kile kinaeleza siasa nzima ya mishahara ya wakati ule. Mtu alilipwa kama kwamba hana mke wala watoto, kwa hoja kwamba mke na watoto wako kijijini na kijiji kinawalisha. Kisha kijiji kikamtazama yeye kwa karo ya shule, kwa kodi, kwa blanketi na kwa ng'ombe wa mahari ya nduguye. Alitakiwa awe nusu ya mtu mjini na mtu mzima na nusu nyumbani.

Tazama basi jinsi alivyopeleka fedha. Siku ya mshahara kibarua wa Kijaluo aliyetaka kumpelekea mama yake shilingi ishirini angeweza kwenda posta ya Jinja, akapanga mstari na watu wa zamu yake, akamwambia karani jina la mpokeaji na la posta atakayolipiwa, akalipa ada, akapewa karatasi ya hawala na stakabadhi. Hawala ile aliitia katika bahasha ya rejista, yenye mistari ya buluu iliyokatizana juu yake, na kwa kuwa mama hakuwa na sanduku la posta, aliiandikia anwani ya shule au ya misheni iliyo karibu, kwa mkono wa mwalimu. Mwalimu akaipokea, akapeleka salamu kijijini, na mama akaenda kwa miguu, pengine mwendo wa saa nyingi, pamoja na mtu mwenye kumjua, mpaka penye karani wa kulipa, akachovya kidole gumba katika wino na kukikandamiza. Ikiwa jina lililoandikwa Jinja lilikuwa la ubatizo na karani wa kule analijua la ukoo, hawala ilirudi. Utaratibu huu ulikuwa salama na uliwafaa maelfu ya watu, nami nauheshimu. Lakini ulikuwa umebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye anwani, na mama yule hakuwa nayo.

Kwa sababu hiyo njia iliyopendwa ilikuwa ile ya mkono. Hapakuwa na mwisho wa mwezi ambao hapakuwa na mtu aendaye Kisumu, Siaya, Busia au Bungoma: aliyeugua, aliyefiwa, aliyepewa likizo, aliyefukuzwa kazi. Habari ya safari yake ilienea Walukuba siku mbili kabla, na jioni walimjia chumbani mmoja baada ya mmoja, kila mtu na noti zake zilizokunjwa katika kipande cha gazeti kilichoandikwa jina, na pamoja na noti maneno: kumi za mama, tano za mdogo wangu wa shule, na umwambie mke wangu asiuze yule mtamba. Msafiri aliyaweka maneno moyoni na fedha kiunoni. Akifika, hakuanza kwake. Alizunguka boma kwa boma kutua amana za watu, akila katika kila nyumba, na katika kila nyumba akiulizwa habari ambazo hakuna hawala ya posta iliyoweza kuzijibu: amekonda? anakunywa? ameoa huko? Akirudi Jinja alirudi na majibu, na pamoja na majibu unga wa mtama, samaki wakavu na karanga.

Huo unga wahitaji kutazamwa kwa makini kuliko ulivyotazamwa na wataalamu. Wao huandika kwamba mji ulililisha shamba kwa fedha, na kweli ulililisha. Lakini shamba nalo liliulisha mji, maana mshahara wa Jinja usingetosha mwezi mzima bila ya kapu lililokuja kwa gari moshi, na mzee aliyevunjika mgongo katika miwa hakuwa na malipo ya uzeeni ila ardhi ya baba yake, iliyolimwa wakati wote huo na mke wake. Mwanamke huyo hakuandikwa katika daftari ya kiwanda chochote. Kwa hesabu yangu yeye alikuwa mfanyakazi wa Nytil sawa na mumewe, na faida ya kampuni ilitoka kwa jembe lake pia.

Je, hapakuwa na khiyana? Ilikuwapo. Walikuwapo waliokula amana za wenzao na kuteremka kituo cha kabla. Lakini mtu huyo hakuikimbia posta, aliukimbia ukoo, na ukoo una macho kila mahali. Vyama vya watu wa kwao, Luo Union kikiwa kinachojulikana zaidi, vilikuwa na matawi mijini, navyo vilikusanya michango, vikasuluhisha madeni, vikawarudisha makwao waliopotea, na zaidi ya yote vikasafirisha maiti. Mjaluo hutaka kuzikwa kwao. Na safari ya jeneza kutoka Jinja mpaka Nyanza ilikuwa na gharama ambayo kibarua mmoja hakuiweza. Aliyechanga kila mwezi alijua kwamba siku yake ikifika atafikishwa. Naihesabu michango hiyo kuwa ni katika amana zilizo kubwa kuliko zote, kwa kuwa mwenye kuiweka hakuwa na njia ya kuja kudai.

Wahindi wa Jinja nao walikuwa wageni wenye nyumba mbili. Karani wa Kigujarati na fundi wa Kalasinga walipeleka fedha Porbandar, Jamnagar na Punjab kulipia arusi za dada na kujenga visima, na wengine wakajenga Jinja nyumba za ghorofa ambazo hata leo katika barabara kuu zina majina na miaka iliyochongwa juu ya milango. Tofauti yao na majirani zao wa Walukuba ilikuwa kubwa kwa mali, wala siifichi. Bali kwa namna ya kuzisafirisha fedha walikuwa watu wa desturi moja.

Desturi hiyo ilipata mapigo matatu karibu kwa pamoja. Hadi katikati ya miaka ya 1960 shilingi ya Jinja ilikuwa ndiyo shilingi ya Kisumu. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa yake, na haikuchukua muda noti iliyovuka Busia ikawa ni kosa la kufungwa. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaamuru wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi waondoke, na Wakenya kwa maelfu, wengi wao Wajaluo, wakapanda mabasi na magari moshi pamoja na magodoro yao, baadhi yao wakiwa wamezaliwa hapahapa. Kisha, Agosti 4, 1972, katika kambi ya jeshi ya Tororo, Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi wataondoka; walipewa siku 90, ambazo ziliishia Novemba 8, na walichoruhusiwa kuchukua kilikuwa kidogo mno. Uingereza peke yake iliwapokea wapatao 27,000. Maduka yakagawiwa wanajeshi na wapenzi wa serikali, na wenye kugawiwa wakapata mali wasipate majina ya kudai na kudaiwa. Hundi za Bombay na vitabu vya mikopo ya wakulima vikawa karatasi za kufungia njugu.

Mwaka huohuo wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake mashuhuri juu ya Kenya, ambayo kwayo wataalamu wa dunia walianza kuzungumza kwa heshima habari za sekta isiyo rasmi: mafundi wa chini ya jua, wachuuzi, washonaji wa vibarazani. Uganda haikuwa na nafasi ya kusoma ripoti. Ndani ya miaka michache karibu nchi nzima ilihamia katika sekta hiyo, kwa jina la magendo.

Hapa ndipo Mbale ulipouchukua uongozi kutoka Jinja. Wagisu walikuwa wakulima wa kahawa ya Arabika iliyo bora, na mwaka 1954 walikuwa wameandikisha chama chao cha ushirika, Bugisu Co-operative Union, ambacho kilijivunia majengo, magari na vinu vyake. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliunguza mashamba ya Brazil. Bei ya kahawa ya dunia ikapanda mpaka mwaka 1977 ikapita dola tatu kwa ratili. Mkulima wa Bugisu hakupewa fungu lake katika neema hiyo. Halmashauri ya serikali ilimlipa kidogo, ikamlipa akiwa amechoka kungoja, na shilingi aliyolipwa haikununua sabuni, kwa kuwa sabuni haikuwapo. Lakini mteremko wa mlima hauna lango. Ng'ambo ya mto Lwakhakha, katika wilaya ya Bungoma, kilikuwapo kijisoko kiitwacho Chepkube, na kati ya 1976 na 1977 kijisoko hicho kilikuwa katika masoko ya kahawa yaliyo tajiri zaidi Afrika Mashariki.

Kahawa ilivuka usiku. Ilibebwa kichwani na wanaume na wanawake, ikapakiwa juu ya punda na baiskeli, kwa vijia vya migombani vilivyojulikana na wachungaji; wengine walilipa askari wa upande huu na wa upande ule, na wengine walikamatwa, katika siku ambazo Amin alikuwa ameunda baraza la kijeshi la kuhukumu makosa ya uchumi na adhabu yake iliweza kuwa kifo. Alfajiri waliofika walilipwa kwa shilingi za Kenya, taslimu, na mchana wakanunua sukari, chumvi, mafuta ya taa, mipira ya baiskeli, vitambaa vya sare za shule. Na jioni mizigo ikapanda mlima kwa kurudi. Mtoto wa Bugisu aliyeandika somo lake kwa kalamu mwaka 1977 aliliandika kwa kalamu ya Chepkube. Pande zote mbili za mpaka walikuwapo watu wa lugha moja na koo moja, Wagisu upande huu na Wabukusu upande ule, na mkopo wa magunia kumi ulipewa mtu kwa kutajiwa babu yake.

Ziko hukumu mbili juu ya mambo hayo, nami naziafiki zote mbili, ingawa si kwa uzito mmoja. Ya kwanza ni kwamba magendo yalikausha chama cha ushirika na hazina ya nchi, yakawatukuza matajiri wapya walioitwa mafutamingi, yakawafunza vijana kwamba shule ni kupoteza wakati. Hayo yalitokea. Ya pili ni kwamba dola iliyomnyima mkulima bei, sabuni na amani ilikuwa imevunja mkataba kwanza, na mkulima aliyevuka mto kumnunulia mtoto kalamu hakumwibia mtu. Hii ya pili ndiyo iliyo nzito kwangu.

Baada ya hapo Waganda wenyewe wakawa wasafiri. Daktari, mwalimu na mhandisi walikimbilia Nairobi, Lusaka, London. Wakafuata vijana waliokwenda kufanya kazi yoyote ipatikanayo, kazi ambazo watu huziita kyeyo. Fedha zao zilirudi Jinja kwa mkono wa msafiri, kama zamani, zikabadilishwa kwa walanguzi wa kibanda, yaani soko la magendo la fedha, ambao bei yao ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya benki, kwa maana bei ya benki ilikuwa ya kuandikwa tu. Mwezi wa Mei 1987 serikali mpya ilitoa shilingi mpya moja kwa 100 za zamani, na juu ya hayo ikakata asilimia 30 ya fedha ya kila mtu aliyekwenda kubadilisha. Aliyekuwa ameweka akiba yake katika dola ndani ya godoro hakukatwa kitu. Mwaka 1990 ndipo serikali ilipokubali maduka ya kubadilisha fedha yafunguliwe hadharani, na wengi wakayaona ni kibanda kilekile kilichopewa leseni na kioo.

Tangu Machi 2009 fedha husafiri kwa simu, na shilingi ya Jinja hufika Karamoja kabla mtumaji hajaurudisha mkono mfukoni. Wakala amekaa katika kijumba cha mbao penye kituo cha bodaboda, na daftari yake yenye majina, namba na sahihi inafanana sana na ile ya mwenye duka wa mwaka 1910. Watu wameuita utaratibu huu uvumbuzi mkubwa, na ni mkubwa. Ila wepesi ambao mama wa mtaa wa Mafubira au Namatala alimwamini nao mtu wa kijumba asingekuwa nao kama mamake na bibi yake wasingezoea kuziamini fedha katika mikono ya watu. Dola haikukawia kuona. Julai 2018 ilitoza asilimia moja juu ya fedha za simu, kuweka, kutuma na kutoa. Watu wakalalamika, wengine wakarudia noti na wasafiri, hata kodi ikapunguzwa kuwa nusu ya asilimia kwa kutoa tu.

Leo fedha zinazoingia Uganda kutoka kwa watoto wake walio nje huzidi dola bilioni moja kwa mwaka. Nyingi hutoka Arabuni, kwa wasichana wanaofanya kazi majumbani na wavulana wanaolinda milango. Januari 2016 serikali ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Saudia kwa sababu ya mateso yaliyoripotiwa. Mwaka uliofuata, baada ya mapatano mapya, njia ikafunguliwa. Muda wote wa katazo hilo wasichana hawakuacha kwenda. Walipita nchi nyingine, bila ya karatasi na bila ya mtetezi. Katika dunia nzima fedha za namna hiyo ziendazo nchi za kipato cha chini na cha kati zilizidi dola bilioni 600 mwaka 2023, na anayetuma dola 200 Afrika kusini ya Sahara hukatwa takriban asilimia 8 njiani. Msafiri wa Walukuba alikatwa sahani ya ugali katika kila nyumba.

Nina ombi kwa watu wa Jinja na Mbale. Katika masanduku ya bati ya wazee wa Walukuba, Bugembe, Nkoma na Namakwekwe zimo bado stakabadhi za hawala, vitabu vya akiba vya posta, madaftari ya vyama vya mazishi na barua zilizoandikwa kwa Kiswahili cha kiwandani, na kila mzee anapofariki vitu hivyo huchomwa pamoja na matambara. Msivichome. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu 1988, na kina wanafunzi wanaojua Kigisu, Kisoga, Kiteso na Kiswahili. Wapewe kazi ya kuvikusanya, kuvinakili na kuwauliza wenyewe maana yake. Kijana aliyepokea mshahara wake wa kwanza katika ujenzi wa bwawa la Owen, ikiwa yu hai, anakaribia umri wa miaka tisini au ameupita. Wa kuulizwa waulizwe mwaka huu.